Una bastola ndani na watoto wapo? Fanya hivi

Kwa sisi tunaoishi Marekani, tangu 2020 risasi ndo inaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 1 mpaka 19, imepita hata ajali za magari. Sasa kama unayo bastola ndani, toa magazini (kile kikasha cha risasi), halafu chungulia na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, maana risasi moja hubaki humo watu wanasahau, silaha ifungie kwenye sefu na risasi zifungie sehemu nyingine kabisa. Chini ya godoro au juu ya kabati sio maficho jamani, mtoto alishapajua toka siku ile anatafuta biskuti. Namba ya sefu isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu wa humo ndani. Huna hela ya sefu? Vituo vingi vya polisi vinatoa kufuli za waya bure, kaulize.

Mtoto akienda kucheza kwa watu uliza, "Samahani mama fulani, kwenu kuna silaha? Imefungwa?" Aibu utaona, ila mbona mzio wa karanga tunauliza.

Wanaosahaulika ni vijana wakubwa. Ukiona kanyong'onyea, chakula hali, hataki watu, toa bastola nyumbani kabisa kwa muda, baadhi ya polisi na maduka ya silaha wanakubali kukutunzia, maana anayejaribu kujiua kwa risasi mara nyingi hapati nafasi ya pili. Muulize wazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpi wazo. Namba ya msaada ni 988, piga au tuma meseji, saa 24.