Ukijifunza COBOL kwa kihariri cha kisasa, hesabu safu kwanza

Wenzangu wa Nairobi mnaojifunza COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, ya kompyuta kuu (mainframe) za IBM huku mkiandika kwa kihariri cha Visual Studio Code na programu jalizi ya Zowe Explorer inayokiunganisha na kompyuta hizo, kabla ya kuitilia shaka mantiki ya programu yenu, hesabuni safu. Muundo wa zamani wa COBOL ulirithi vipimo vya kadi ya kutobolewa yenye safu 80: safu 1 hadi 6 ni za nambari za mistari, ya 7 ni ya alama kama nyota ya maelezo, msimbo huanzia safu ya 8 (vichwa na majina ya aya katika 8 hadi 11, sentensi za kawaida kuanzia 12), na chochote kinachopita ya 72 hupuuzwa na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo. Kwa hiyo mstari mrefu unaweza kupoteza nukta yake ya mwisho, na kosa likaripotiwa chini zaidi, mahali pasipo na kasoro yoyote. Nukta moja ya namna hiyo ilinimalizia jioni nzima.

Katika mipangilio ya kihariri, wekeni "editor.rulers" kwenye 7, 11 na 72 ili mistari ya wima ionyeshe mipaka, kisha kitufe cha Tab kiweke nafasi za kawaida.

Programu ikikatika kwa msimbo wa kosa S0C7, unaoashiria data isiyo nambari halali, chunguzeni data: mara nyingi ni sehemu ya COMP-3 (nambari za desimali zilizofungashwa) isiyopewa thamani ya kuanzia.

GnuCOBOL, kompaila nyingine ya COBOL, ni ya bure na inafaa kwa mazoezi kwenye kompyuta ya mkononi, ila kumbukeni kwamba huko data huwa ya ASCII, mfumo wa kuwakilisha herufi na tarakimu ambamo tarakimu hutangulia herufi data inapopangwa, ilhali katika EBCDIC, mfumo wa kompyuta kuu, herufi ndizo hutangulia.