Miche ya misindano isidumae kitaluni: namna ya kuipa kuvu ya mizizi

Mche wa msindano wenye miezi 4 na urefu wa sentimita 6, sindano zimepauka na ncha zimegeuka zambarau, kwa kawaida humwagiwa mbolea ya DAP, yenye fosforasi na nitrojeni. Ni kosa. Mara nyingi mche huo umekosa kuvu kwenye mizizi yake, na bila kuvu hiyo huambulia fosforasi kidogo sana hata kama udongo unayo.

Kuvu hiyo, ambayo wataalamu huiita maikoriza, huivika mizizi midogo ala nyembamba, kisha hutandaza nyuzi udongoni mpaka mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Nyuzi huuletea mti fosforasi, nitrojeni na maji, na mti huilisha kuvu sukari. Msindano unaopandwa Mufindi na Njombe, Pinus patula, asili yake ni Mexico, na wenzi wake wa udongoni hawakuwepo huku. Puerto Rico misindano ilishindwa kabisa mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu hizo miaka ya 1950. Misitu ya miombo nayo ina kuvu zake za mizizi, ndizo zinazotoa uyoga mwingi tunaokula, lakini usizitegemee kwa msindano. Msaipresi hutumia kuvu za kundi jingine, kwa hiyo hatua hizi haziuhusu.

1. Sia mbegu

Loweka saa 24 kwenye maji baridi, sia Machi hadi Mei kwenye tuta la mchanga msafi uliomwagiwa maji yanayochemka kisha ukaachwa upoe. Kuvu ya mizizi usiiweke hapa. Kwenye tuta la kusia, adui ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, na usafi ndio dawa yake.

2. Chukua udongo wa misindano

Tafuta shamba la misindano ya aina ileile, lenye miaka 10 au zaidi na miti yenye afya. Omba ruhusa ya mwenye shamba au ya msimamizi wa msitu. Ondoa sindano kavu za juu ambazo hazijaoza, kisha chimba tabaka jeusi la sentimita 5 hadi 10. Chini ya hapo kuvu hupungua na unabeba uzito bure.

Nyuzi nyeupe kwenye takataka si ushahidi wa kutosha, kwa sababu kuvu zinazoozesha majani nazo zina nyuzi nyeupe. Angalia mizizi yenyewe. Mizizi midogo iliyogawanyika ncha mbili kama herufi Y, minene, mifupi, isiyo na vinyweleo, ndiyo inayoonyesha kwamba kuvu ipo. Ukiiona kwa wingi, chimba hapo.

Usichimbe karibu na mti uliokauka. Bandua gome la shina lake usawa wa ardhi: ukikuta utando mweupe uliolala chini ya gome na harufu kali ya uyoga, hiyo ni Armillaria, inayoozesha mizizi na kuua miti. Ondoka eneo hilo lote, maana udongo wake utaubeba ugonjwa mpaka kitaluni.

Weka udongo kwenye viroba, uwe na unyevu bila kuchuruzika, ukae kivulini, na utumike ndani ya siku chache. Kiroba kilichoachwa juani nyuma ya gari mchana mzima ni udongo wa kawaida tu. Kuvu imekufa kwa joto. Wala usiukaange au kuumwagia maji ya moto kama ulivyofanya kwenye tuta.

3. Changanya na ujaze viriba

Kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, cha upana wa sentimita 10 kikiwa bapa na kimo cha sentimita 15 hubeba karibu nusu lita. Kwa viriba 1,000 andaa ndoo 24 za lita 20:

- udongo wa juu wa msituni, ndoo 15
- mchanga wa mtoni, ndoo 6
- udongo wa misindano, ndoo 3

Chekecha udongo wa msituni na mchanga. Udongo wa misindano upasue kwa mkono tu, vipande vya mizizi vibaki ndani, kwa kuwa ndivyo vyenye kuvu hai. Usitie majivu wala chokaa. Msindano unataka udongo wenye asidi kiasi, pH (kipimo cha asidi) 5 hadi 6. Ikipanda juu ya hapo madini ya chuma yanafungika na kinyausi kinashamiri. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke kitalu jirani na mahali panapofyatuliwa matofali ya saruji, maana vumbi lake ni kama chokaa. Wala usikiweke kando ya barabara ya vumbi, ambako sindano hufunikwa na mwanga haupenyi vizuri.

4. Hamishia miche

Hamisha mche ukiwa kama njiti ya kiberiti, ganda la mbegu likiwa bado kichwani. Mzizi ushuke wima. Uliokunjwa hapa utabaki umekunjwa hata mti ukiwa mkubwa, na upepo utauangusha.

5. Maji, mbolea na dawa

Mwagilia asubuhi, acha juu pakauke kidogo kabla ya kurudia. Kuvu inahitaji hewa; kiriba kilicholowa muda wote huinyonga. Dawa ya ukungu usiipulize kwa mazoea, kwani haichagui kuvu mbaya na nzuri.

Kuhusu mbolea, msimamo wangu ni kutoweka chochote miezi 3 ya mwanzo. Mche unaopata fosforasi ya bure haulishi kuvu, na nitrojeni nyingi huleta hasara ileile. Ulaya Magharibi, nitrojeni inayotoka kwenye mashamba ya mifugo na moshi wa magari ilipunguza uyoga wa misituni bila mtu kumwaga mbolea yoyote chini ya miti. Kwenye kiriba cha nusu lita, kijiko kimoja cha mbolea kinatosha kufanya uharibifu huo.

6. Kagua mizizi, na soma rangi kabla ya kutibu

Hapa ndipo watu hupoteza msimu mzima, kwa sababu njano na zambarau zina vyanzo vingi na tiba zake zinapingana.

Wiki ya 8 hadi 12 baada ya kuhamisha, toa miche 10 kutoka pembe mbalimbali za kitalu, osha mizizi polepole kwenye beseni, tazama kwa lenzi. Unatafuta zile Y. Ukizikuta kwenye miche 7 au 8, endelea bila kubadili kitu.

Usipozikuta, tazama kitalu kutoka juu. Kuvu ikiwa imeingia sehemu chache, utaona mabaka: kundi la miche ya kijani iliyorefuka katikati ya iliyodumaa na kupauka, na baka linapanuka kila wiki. Hilo ni tatizo la kukosa kuvu, hata ncha zikiwa zambarau.

Zambarau iliyotokea kwenye miche yote kwa pamoja, Juni au Julai, usiku ukiwa wa baridi kali, ni baridi. Itaondoka joto likirudi.

Njano inayoanzia sindano changa za juu ni dalili ya madini ya chuma kufungika: tafuta majivu, chokaa au maji ya kisima yenye chumvichumvi. Inayoanzia sindano kuukuu za chini ni upungufu wa nitrojeni. Mche mzima ukiwa njano na kiriba ni kizito, chana kimoja. Mizizi ikiwa myeusi na laini, punguza maji.

Kama ni kukosa kuvu, tibu hivi. Kwenye mvua, okota chini ya misindano uyoga wenye kofia ya utelezi na upande wa chini kama sponji, sio mapezi membamba kama kurasa za kitabu. Ni jamii ya Suillus. Chagua uliokomaa. Ponda kofia 5 au 6 kwenye lita 20 za maji ya mvua au ya mto, chuja kwa kitambaa chepesi, mwagia miche 1,000 kwa keni, kisha fuatisha maji safi kidogo ili vumbi la uyoga, ambalo ndilo mbegu ya kuvu, lishuke mizizini. Rudia baada ya wiki 2. Kiangazi, uyoga usipokuwepo, toboa kiriba kwa kijiti, jaza kijiko kimoja cha udongo wa misindano hai. Ni kazi ndefu, lakini naipendelea kuliko kumwaga udongo juu tu, unaokauka kabla kuvu haijafika mizizini. Mabadiliko utayaona baada ya wiki 6 hadi 8.

7. Peleka shambani

Mche wa sentimita 20 hadi 25, mvua za Desemba zikishashika, mita 3 kwa 3. Punguza maji na kivuli mwezi mmoja kabla. Wakati wa kupanda, chana kiriba na ukiondoe, lakini donge la udongo lisivunjike: nyuzi za kuvu zimo humo, na udongo ukipukutika zinakatika.