Ukihama kwenye karti kwenda Seven, anza na mizani

Wengi wanaotoka kwenye karti, vile vigari vidogo vya mbio, wakijiundia Caterham Seven ya mashindano, gari jepesi la michezo, kule Uingereza, hukimbilia injini. Anza na mizani minne, moja chini ya kila gurudumu. Gari lina kilo 500 na ushee tu, na dereva wa kilo 80 hukaa upande mmoja. Hapo mahesabu yote yanahama. Pima upepo wa tairi, weka mafuta ya mbio, fungua linki moja ya stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona), kisha kaa kitini mwenyewe, helmeti kichwani. Mwenzako azungushe vikombe vya springi, vinavyoinua au kushusha kila pembe ya gari, kidogo kidogo hadi uzito wa mbele kushoto ukijumlishwa na wa nyuma kulia ukaribie nusu ya uzito wote. Kila baada ya marekebisho sukumeni gari mbele na nyuma litulie, la sivyo mizani itawadanganya.

Halafu breki. Karti nyingi hufunga breki za nyuma tu, tena hazina springi. Seven ukiikanyaga, pua inainama na tairi za mbele zinashika. Ukiingia kona achia pedeli taratibu. Ukiiachia ghafla pua inainuka na gari linagoma kukata kona.