PhD ya manga za vita: anza na fremu moja, nadharia baadae

Watu wananiuliza sana PhD ya manga inafanywaje, kwa iyo naiandika yote mara moja. Mi PhD nimefanya juu ya manga, yani hadithi za katuni za Kijapani, zinazosimulia vita ya pili ya dunia, hasa Hiroshima, na swali langu lilikuwa moja tu, yani ndani ya hizo picha "sisi" ni nani, nani anahesabiwa Mjapani, nani mhanga, nani kaachwa nje. Hizi ndo hatua nilizopita, zingine nilizijua nimeshachelewa.

Hatua ya 1: punguza

Proposali yangu ya kwanza ilikuwa "manga na utambulisho wa Kijapani". Supavaiza akaisoma, akaniuliza manga ipi, ya mwaka gani, ukurasa wa ngapi, sikuwa na jibu. Nikabaki na kazi mbili. Ya kwanza Hadashi no Gen (mi naiita Gen tu, ndo jina la mtoto anayesimuliwa) ya Keiji Nakazawa, ilianza kutoka 1973, na ya pili Kono Sekai no Katasumi ni ya Fumiyo Kouno, ilitoka 2007 mpaka 2009. Nakazawa alikuwa na miaka 6 bomu la atomiki lilipodondoka Hiroshima saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945, ukuta wa shule ndo ulimkinga, baba yake na dada yake na mdogo wake wakafia nyumbani. Kouno naye mzaliwa wa Hiroshima ila wa 1968, vita kasimuliwa tu. Hapo swali tayari unalo: aliyeona na aliyesimuliwa, mikono yao inatofautiana wapi? Mbili zinatosha kabisa, atakayekwambia uweke kumi mwache.

Hatua ya 2: shika toleo lenyewe

Hapa nilipoteza miezi. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na tafsiri nyingi za zamani za Kiingereza ziligeuza kurasa kama kwenye kioo ili msomaji aanzie kushoto. Mi nilikuwa naandika noti nani anaelekea wapi, nani kampa nani mgongo, kumbe nasoma picha zilizopinduliwa, ikabidi nirudie zote. Jifunze Kijapani hata kama ni cha kusuasua. Alafu tafuta pia majarida yenyewe, sio vitabu tu. Gen ilianzia Shukan Shonen Jump, jarida la vijana wa kiume, baadae ikahamia kwingine, mpaka kwenye jarida la chama cha walimu, so msomaji anabadilika katikati ya hadithi na mwandishi anajua kabisa sasa anaongea na nani. Jumba la makumbusho ya manga la Kyoto, lililofunguliwa 2006, ni pazuri kwa hii kazi.

Hatua ya 3: isome fremu kama shairi

Hii ndo PhD yenyewe, zilizobaki ni mpangilio tu. Mi nilifungua jedwali la Eksel, kila fremu, yani kila kiboksi cha picha, mstari wake: nani yupo, anatazama wapi, anasema nini, sauti gani imechorwa, weusi kiasi gani, na nafasi kati ya fremu moja na nyingine. Usiandike maana bado. Andika unachokiona.

Sisi tuliosoma tanakali za sauti shuleni tuna faida kubwa hapa. Watu wa Hiroshima lile bomu waliliita pikadon, pika ni ule mwanga na don ni mlio, na waliokuwa karibu sana wengi walisema pika tu maana mlio hawakuusikia. Kwa iyo ukifika kurasa za mlipuko angalia kama kuna sauti au kimya, hicho kimya kinakwambia mchoraji kasimama wapi.

Mfano mwingine, kwa Kouno. Suzu, mhusika mkuu, mwanamke anayependa kuchora, anapoteza mkono wa kulia mjini Kure kwa bomu lililochelewa kulipuka, na mkono huo huo ndo alikuwa amemshika mtoto wa wifi yake, mtoto akafa. Kuanzia hapo Kouno alichora mandhari ya nyuma kwa mkono wake wa kushoto. Angalia mistari ya nyumba na milima, inayumba. Mi nilipoiona mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu, mbaka leo sijapata namna nzuri zaidi ya kueleza mtu kupoteza dunia yake.

Hatua ya 4: uliza nani hayupo

Korea ilikuwa chini ya Japani tangu 1910, na Hiroshima Wakorea walikuwepo wengi bomu lilipodondoka. Kwenye Gen kuna jirani Mkorea, Pak, anaisaidia familia ya Gen wakati majirani Wajapani wanawaita wasaliti kwa sababu baba anapinga vita. Fuatilia anatokea fremu zipi na nani anamjibu. Kwa Kouno siku Japani inasalimu amri kuna bendera ya Korea kwenye fremu moja, ndogo, ukifungua haraka inakupita, na Suzu anatambua nchi yake nayo iliwakandamiza wengine kwa mabavu. Filamu ya 2016 ya hiyo manga ilibadilisha hayo maneno, pale anazungumzia mchele na maharage yaliyotoka ng'ambo. Mi hiyo tofauti peke yake ilinipa chapta nzima.

Hatua ya 5: fuata kitabu mtaani

Mji wa Matsue, Japani, mwaka 2012 bodi ya elimu ilitaka Gen iondolewe kwenye rafu za wazi za shule, 2013 ikafuta agizo baada ya kelele. 2023 Hiroshima kwenyewe wakaitoa kwenye somo la amani. Soma sababu zilizotolewa, neno kwa neno.

Hatua ya 6: ruhusa ya picha

Omba mapema, chapta ikiwa bado rasimu, na uliza chuo chako kinataka barua ya ruhusa au kunukuu kunatosha. Changu kilitaka barua, mi nikaomba mwezi wa mwisho, majibu hayakuwahi. Ile fremu ya bendera kwenye tasnifu yangu ni boksi jeupe, chini yake maelezo mistari minne.