Kuongeza Chumba Nyumba Ikiwa Kando ya Mto: Anza na Mpima Ardhi

Mama yangu aliposhindwa kupanda ngazi, tuliamua kumjengea chumba cha chini hapa kwetu Kileleshwa, Nairobi. Ploti yetu inateremka hadi mto Kirichwa Kubwa, na nafasi tuliyoiona ilikuwa nyuma, upande wa maji. Nikamlipa msanifu majengo, akachora. Mchoro ule haukutufaa kitu, kwani nusu ya chumba ilikuwa ndani ya hifadhi ya mto, yaani ukanda wa ukingoni unaotakiwa uachwe wazi. Ndiyo maana nakusihi: kabla ya msanifu, mwite mpima ardhi.

Kanuni zinataka ukingo uachwe wazi kwa upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Kipimo huanzia pale maji yalipowahi kufika mto ulipofurika kupita vyote, si pale unapouona ukipita Februari. Mpima akishafufua bikoni zako, yaani alama za mipaka ya ploti, iandikie Mamlaka ya Rasilimali za Maji ije ionyeshe mpaka wa hifadhi. Ukiwa na picha za mafuriko ya 2024, zitoe. Kwetu maji yalifika kwenye shina la mparachichi. Usipoteze pesa kuomba ukanda huo ulegezwe. Agosti 2018 tuliona jengo la maduka la South End Mall, kule Lang'ata Road, ikibomolewa kwa sababu ya mto.

Masharti unayoweza kuomba yalegezwe ni umbali kutoka barabarani, umbali kutoka mpaka wa jirani, na sehemu ya ploti inayofunikwa na jengo. Hapo mto unakuwa shahidi wako: umekufungia nyuma, basi unaomba usogee mbele au pembeni. Mwombe mpangaji miji aliyesajiliwa aiandike hoja hiyo waziwazi, vipimo vikiwemo, kwamba ardhi ndiyo iliyobana. Ugonjwa wa mama utaje, ila usiufanye hoja kuu.

Jirani mwendee mwenyewe, mchoro mkononi, kabla hajaletewa habari na wengine. Mzee wa upande wa pili aliutazama wetu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mama Neema, hili dirisha litaangalia wapi?" Lilikuwa linaangalia uani kwake. Tukalihamishia upande wa bustani, naye akatia sahihi barua ya kutopinga.

Maombi huwasilishwa na wataalamu wako kupitia mfumo wa kaunti mtandaoni: michoro ya msanifu na ya mhandisi, hati miliki, upekuzi wa ardhi wa karibuni (karatasi ya kuthibitisha mmiliki ni nani), na uthibitisho kwamba hudaiwi kodi ya ardhi. Sheria ya 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inasema zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Kando ya mto mimi nisingechimba msingi kwa kutegemea kimya. Fuatilia mpaka upate karatasi. Wakikataa, una siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango, na baada yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kujenga bila ruhusa kunaweza kukutoza faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Kibali kikitoka, msomee fundi masharti yote. Chetu kilikataza maji ya paa kuelekezwa kwa jirani, na bomba lilikuwa limeshawekwa upande huohuo. Tuliling'oa siku ileile.