Namna ya kuanzisha kikundi cha kununua unga na mafuta pamoja hapa Dodoma (bila kugombana)

Kila mwaka ni ngoma ileile. Mwezi wa sita na wa saba mahindi yamejaa, malori yanatoka vijijini, bei iko chini, na sisi mfukoni hatuna hela ya gunia zima. Ikifika mwezi wa pili bei imeshapaa, ndo tunanunua kilo mbili mbili za mahindi yaleyale tuliyoyaona yakipita barabarani, ila sasa yameshapita kwa dalali, kwa mwenye ghala, kwa mwenye kiwanda, kwa wa jumla, mpaka yakafika kwa Mangi mwenye duka la mtaani kwenye kifuko chenye picha ya mama anacheka. Kila yalipopita mtu kachukua chake na anayewalipa wote hao ni wewe.

Sisi huku Nkuhungu tulianza nyumba tisa, saivi tuko kumi na mbili. Nimeulizwa mara nyingi mlianzaje, basi ngoja niandike kila kitu hapa, na pale tulipochemka nitasema.

Kwanza watu. Usianze na grupu la WhatsApp la watu 80, utapata watu 80 wa kutuma maua asubuhi na wanne wa kutoa hela. Anza na wale ambao mnaazimana chumvi. Nyumba nane mpaka kumi na mbili zinatosha, na ziwe karibu kiasi kwamba mtu akikimbia na hela unajua mlango wake. Mkae siku moja kwa mtu, mkubaliane mambo machache tu: tunanunua nini, kila nyumba inatoa shilingi ngapi, mwisho wa kutoa ni lini, na asiyetoa kwa tarehe hiyo hayumo kwenye mzunguko huo. Asinuniwe, asisemwe, hayumo tu, mzunguko ujao ataingia. Hiyo sheria ya mwisho ndo imetuokoa, maana vikundi vingi vinakufa kwa kumsubiri mtu mmoja huku bei inapanda.

Na msianze na vitu vingi. Mnaanza na mahindi basi. Sukari, sabuni, mchele wa Bahi, vyote vitakuja.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu hupotea. Nakupa mfano, bei weka za kwako za siku hiyo. Nyumba 12, kila moja inataka kilo 25 za mahindi, jumla kilo 300, yaani gunia tatu za kilo 100. Tuseme gunia ni 80,000, hapo 240,000. Usafiri tuseme 30,000, kupakia na kushusha 6,000, kukoboa na kusaga 30,000. Jumla 306,000, gawa kwa 12, kila nyumba 25,500. Ukikoboa hizo kilo 300 hupati kilo 300 za sembe, tuseme unapata 225, nyingine ni pumba na kidogo kinapotea mashineni. Kwahiyo kila nyumba inaondoka na kilo 18 na robo tatu. Piga sasa kilo moja imekugharimu sh ngapi halafu kaulize dukani. Mkikubali kula dona mnapata unga mwingi zaidi, ila kwetu mjadala wa dona na sembe ulichukua jioni nzima, wanaume waligoma, nikaona tusivunje kikundi kwa ajili ya rangi ya ugali.

Kununua. Kwa sisi wa Dodoma soko la Kibaigwa kule Kongwa liko barabara kuu ya Morogoro, linafikika, na mahindi yapo mengi. Waende watu wawili, sio mmoja, na wasiwe ndugu. Mmoja anaongea bei, mwingine anashika daftari na kuangalia mizani. Ukiwa na mtu kijijini, Chamwino au Mpwapwa huko, ukanunua kwa mkulima moja kwa moja ni bora zaidi, mkulima anapata zaidi ya anachopewa na dalali na nyie mnalipa pungufu ya soko, wote mnacheka. Ila mlipe mkulima siku hiyohiyo. Usiwe kama hao tunaowalalamikia.

NUNUA KWA KILO, usinunue kwa gunia. Narudia maana hapa sisi tulilia. Mara ya kwanza kabisa tulinunua gunia tatu kwa mfanyabiashara mmoja kwenye mnada, tukaambiwa hizo ni kilo mia mia, zimefungwa vizuri, tukapakia kwenye kirikuu tukarudi tunaimba. Nyumbani jirani akaja na mizani ya saa, ile ya kuning'iniza, tukafunga kamba kwenye mti wa mwarobaini, gunia la kwanza 93, la pili 96, la tatu 88. Watu wakanyamaza kimya. Kilo 23 zimeenda na hewa, na watu waliotumwa mmoja wapo ni mimi. Nilijua nitaitwa mwizi, bahati nzuri tulikuwa wawili. Tangu siku hiyo mizani ni ya kikundi, tulichanga tukanunua, na inakwenda kila safari. Na ukiwa upande wa kuuza ni hivyohivyo, wenzetu wakulima wanaumizwa na lumbesa, gunia linashonewa kofia juu na bei inabaki ya gunia moja. Lumbesa imekatazwa kisheria, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, ila sheria bila mizani mkononi mwako haikusaidii kitu.

Kitu kingine cha kuangalia hapohapo ni ukavu. Mahindi mabichi yanakupa kilo za maji, halafu yanaota ukungu, na ukungu ndo unaleta sumukuvu, na hapa kwetu sio hadithi, mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Kipimo cha bure hiki hapa: beba chupa kavu ya plastiki, weka mahindi kama theluthi ya chupa, tia chumvi kavu vijiko kadhaa, funga, tikisa kama dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa mahindi bado yana maji, achana nayo au ukaanike kwanza kwenye turubai. Isipoganda pakia. Muuzaji atakucheka, mwache acheke.

Kama mnanunua ya kuweka mpaka mwezi wa pili (na hapo ndo faida yenyewe ilipo), tafuteni ile mifuko ya kuhifadhia nafaka ya tabaka tatu, inafungwa hewa haiingii, dumuzi anakufa mwenyewe bila dawa. Mfuko bei yake inauma kidogo ila unatumia zaidi ya msimu mmoja kama panya hajautoboa.

Haya, tuje kwenye pumba. Unaweza kucheka ila kikundi chetu kilikaribia kufa kwa sababu ya pumba, sio kwa sababu ya hela. Mlipochanga mlichanga kwa ajili ya unga, hamna aliyewaza pumba. Mashineni zinatoka, nani anabeba? Mweka hazina wetu nyumbani kwake kuna nguruwe, akawa anabeba, tena kwa nia nzuri kabisa, "zisitupwe". Mwezi wa kwanza sawa. Mwezi wa pili sawa. Mwezi wa tatu mama mmoja akasema yeye amechoka kutoa, bila kueleza sababu, akafuata wa pili, mpaka tukaenda kumuuliza kiutu uzima ndo akasema, "mimi siwezi kuchanga nilishe nguruwe wa mtu." Na alikuwa na haki! Kwenye ule mfano wa juu pumba kilo 70 ukiuza 300 kwa kilo ni 21,000, sehemu kubwa ya nauli inarudi.

Kwahiyo andikeni kabla ya kwenda mashineni: pumba ni za kikundi, anayezitaka anazinunua kwa bei ya mtaani, hata akiwa mwenyekiti. Hela inaingia mfukoni mwa kikundi, mwisho wa mwaka inagawanywa kulingana na manunuzi ya kila nyumba, aliyenunua sana anapata zaidi. Sio akili yangu hiyo. Kule Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 watu 28, wakiwemo wafumaji, walichoka kuuziwa vyakula vya bei mbaya na vilivyochakachuliwa, wakafungua kiduka chao chenye unga, siagi, sukari na vitu vichache, na faida wakawa wanarudishiana kwa kadiri ya alichonunua mtu. Na kupiga kura mtu mmoja kura moja, hata uwe na hela kiasi gani.

Mafuta ya alizeti utaratibu ni uleule, mnanunua alizeti wakati wa mavuno, mnapeleka kukamua, na yale mashudu ndo pumba zenu za pili, wafugaji wanayagombania, yaandikeni mapema. Jambo moja tu la kujihadhari: lita na kilo havilingani. Dumu la lita 20 la mafuta lina kilo 18 na kidogo. Mtu akikupimia kilo 18 na kidogo akakwambia ni lita 20 hajakuibia, ila akikutajia bei ya kilo halafu akazidisha mara 20 hapo kakupiga.

Hela anashika nani? Sisi tunachangia kwa simu kwa mtu mmoja, anatuma picha ya salio kwenye grupu siku ya kufunga, kesho yake hela inatoka kununua. Hela isilale. Inayobaki, ya pumba na mashudu, inakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu kama la VICOBA, funguo kwa watu watatu tofauti na sanduku kwa mtu wa nne. Na daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapo kwenye sanduku patawapa kishawishi, mtu atasema tukopeshane basi. Mkishaanza kukopeshana kwa riba mmekuwa kitu kingine, tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi vya namna hiyo vinatakiwa visajiliwe, mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sio vibaya, ila amueni kwa makusudi, msijikute mmo.

Na Mangi? Watu huniuliza kama tunataka kumfungia duka. Hapana bwana. Mangi anakukopesha kiberiti saa nne usiku, kikundi hakifanyi hivyo. Nyanya na vocha bado tunanunua kwake.

Wazee ndo wagumu. Ukisema neno ushirika mzee anakukumbusha foleni za duka la kaya, yale maduka ya mgao ya zamani, na kwamba vyama vya ushirika vilivunjwa 1976 mpaka sheria ya 1982 ndo vikarudi. Usibishane naye, yuko sahihi. Mwambie tu kwamba hapa hamna aliyeletewa kutoka juu, ni sisi na mizani yetu, na akitaka kutoka anatoka na hela yake. Kwetu mzee mmoja aligoma miezi minne halafu akaja mwenyewe na debe tupu.

Kusajili fanyeni baadaye, mkishazunguka angalau miezi sita bila kupigana. Mkitaka kuwa chama kamili, sheria ni ile ya vyama vya ushirika ya 2013. Nendeni kwa afisa ushirika wa halmashauri awaambie aina ya chama chenu inahitaji watu wangapi, mtaombwa muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, masharti ya chama na andiko la mradi, halafu maombi yanaenda kwa Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika. Tume ya Maendeleo ya Ushirika iko hapahapa Dodoma, sio kama watu wa mikoa ya mbali. Hilo andiko msilipe mtu awaandikie, bebeni daftari lenu la hiyo miezi sita, kilo, bei, nauli, pumba, litatoka humohumo.