Somo: Kutambua sarafu kongwe ya dhahabu iliyosafishwa au kuchezewa

Wakuu, sarafu kongwe inayowaka kote kama kioo ndiyo ya kuishuku kwanza. Dhahabu haishiki kutu, lakini ni laini, na kila anayeisugua huiachia alama. Andaa lenzi ya kukuza mara 10, taa moja inayomulika kutoka upande mmoja, na mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Sarafu ishikwe ukingoni tu.

Hatua ya 1: Iinamishe chini ya taa. Hapa usiwe na haraka. Sarafu inapogongwa kiwandani, dhahabu husambaa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha vijistari ambavyo jicho halivioni. Ndivyo vinavyofanya mwanga uzunguke usoni kama spoki za gurudumu kila unapoiinamisha. Iliyosuguliwa imevipoteza: inang'aa, ila mng'ao wake umekufa, hautembei. Rudia hata mara kumi mpaka jicho lizoee.

Hatua ya 2: Lenzi. Sarafu iliyochakaa kwa matumizi hulika kwanza palipoinuka: shavu, nywele, kifua cha farasi. Iliyosafishwa ina mikwaruzo myembamba, mingi ikielekea upande mmoja, inayokatiza sehemu tupu na kupanda juu ya picha. Kisha chungulia ndani ya tarakimu za mwaka. Kitambaa hakifiki ndani ya 8. Ukikuta uchafu wa zamani umejibana humo ilhali pembeni kunameremeta, jibu umeshapata. Brashi ya waya ya mashine ni mbaya zaidi, maana huisukuma dhahabu ikajikusanya kama kijituta kandokando ya herufi.

Hatua ya 3: Ukingo. Niliwahi kununua pauni ya dhahabu ya Uingereza yenye uso wa kupendeza. Nilipoigeuza nilikuwa nimeshalipa: usawa wa juu ya kichwa cha mfalme, meno manne ya ukingo yalikuwa yamejaa lehemu. Ilikuwa kidani, na muuzaji hakunieleza. Iliniuma sana. Siku hizi ukingo nauangalia kabla sijauliza bei.

Hatua ya 4: Mizani. Pauni ya dhahabu ina gramu 7.98, faranga 20 za Ufaransa 6.45, dola 20 za Marekani 33.43. Uchakavu wa kawaida hupunguza kidogo. Ila ikiwa nyepesi mno huku picha bado ni kali, huenda kuna mtu aliikwangua.

Hatua ya 5: Herufi ya kiwanda, kama S ya Sydney, huweza kubandikwa ili sarafu ionekane adimu. Tafuta mshono au rangi tofauti kwenye mzizi wake.

MASWALI

*Mkuu, asante kwa somo. Dola 20 yangu ina madoa mekundu. Niisafishe?*

Usiiguse, ndugu yangu. Sarafu hiyo ina asilimia 10 ya shaba, na shaba isipochanganyika vizuri hutoa madoa hayo. Si kasoro ya mkono wa mtu. Ukisugua, utaileta kasoro ambayo haikuwepo.

*Yangu ina mistari, lakini inaishia kwenye herufi, haipandi juu yake. Nayo imesafishwa?*

Swali zuri sana. Ikague kwa lenzi: ikiwa mistari imeinuka badala ya kuchimbika, huo ni muhuri, yaani chuma kinachogonga picha kwenye sarafu, uliopigwa msasa kiwandani. Picha imezama ndani ya muhuri, msasa haukuifikia, ndiyo maana mistari inakoma pale. Hiyo ilizaliwa nayo.

*Iliyowahi kuwa kidani haina thamani tena?*

Inayo. Thamani ya dhahabu yake iko palepale. Kinachoshuka ni nyongeza ya uadimu. Kampuni za kupima ubora wa sarafu kama PCGS na NGC haziipi namba katika kipimo chao cha ubora cha 1 hadi 70, huandika kasoro yake tu. Kwa sarafu ya mwaka uliojaa sokoni hasara ni ndogo. Kwa mwaka adimu inauma.

*Na ikiwa na gundi ya stika?*

Ilaze kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha glasi, mbali na moto, madirisha wazi. Itoe, iache ikauke yenyewe. Usiifute hata kwa pamba.